Akinuka Pombe, Usimpe Dawa

Juzi nilishuka ufukweni Kibirizi kutafuta migebuka, samaki wetu wa ziwani, na migebuka yenyewe siku hizi ni ya kuitafuta kwelikweli, siyo kama enzi zetu ambapo ulikuwa unakwepa usiikanyage. Nikaikosa. Nikawa narudi zangu polepole, maana miguu hii nayo ina mambo yake, nikapita karibu na vijana wanaounda boti. Mmoja ameketi chini ya ubavu wa boti, mbele yake karai la pamba iliyolowekwa kwenye mawese, anaisokota na kuishindilia kwenye mianya ya mbao. Ile harufu sasa. Mawese ya moto yaliyoingia kwenye pamba, na mbao mbichi, na jasho la mtu anayefanya kazi juani. Nilisimama pale mpaka kijana akaacha kugonga, akaniuliza, "Shikamoo bibi. Kuna mtu unamtafuta?" Nikamwambia marahaba, huyo ninayemtafuta alikwishakufa. Akaanza kunitazama kwa huruma. Nikamwambia usinionee huruma mjukuu wangu, alikufa mzee, kitandani kwake, ameshiba. Na ndiyo habari yenyewe ninayotaka kuisimulia, kwamba alikufa kitandani kwake, kwa sababu nusura isiwe hivyo.

Mjomba Gwasa alikuwa mdogo wake Mama, tumbo moja. Alishuka kutoka milimani, upande wa Kasulu, akiwa kijana, na kifuko cha nguo na salamu zake ndefu za kwao, zile za kupiga makofi taratibu na kuinama, mwakeye, mwakeye, habari za nyumba, habari za ng'ombe, hata kama huna ng'ombe. Sisi watoto wa Kasingirima, hapa mjini Kigoma, tulikuwa tunamcheka. Baba alimpokea vizuri. Baba alikuwa mtu wa Ujiji, mwenye swala zake tano, anafanya kazi stesheni upande wa mizigo. Mjomba alikuwa Mkatoliki, kabatizwa na padri mwenyewe, na wawili hao waliishi nyumba moja bila kugombania Mungu hata siku moja. Naomba mlishike hilo, kwa sababu mbele nitamsema Baba kidogo na sitaki mmchukie.

Ufukweni Mjomba alijifunza kazi ya kukalafati. Wenzangu wa rika langu mnaijua, lakini watoto wa leo wamezoea vitu vya plastiki, basi niseme: boti ya mbao ina mianya, na kalafati ndiye mtu wa kuiziba mianya kwa pamba na mawese, asipofanya vizuri watu wanazama. Alikuwa na nyundo ya mbao na patasi butu. Kabla ya kuziba aliweka sikio kwenye ubao, anagonga, anasikiliza, anasogea, anagonga tena. Mimi nikitoka chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilikuwa nakwenda kukaa naye. Nikamwuliza siku moja, "Mjomba, wanasemaje humo ndani?" Akasema, "Hapa wanasema bado." Nikaamini. Nikajua ndani ya mbao wamo watu, na kazi ya Mjomba ni kuwaziba midomo kwa pamba ili wavuvi wasisumbuliwe. Ilikuwa akili ya mtoto, lakini ilinisaidia sana baadaye. Kwa sababu jioni tukirudi nyumbani, Mjomba akaanza kujibizana na watu nisiowaona, mimi sikushtuka. Niliona hao ni wale wa kwenye boti, wametoroka, pamba haikutosha.

Nilimweleza hivyo. Akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Hapana, mpwa wangu. Mbao inasema ta au inasema du, basi. Hawa wengine wananijua jina langu."

Na walikuwa hawamwambii maneno mazuri. Walimwambia chakula kimetiwa sumu. Walimwambia dada yake amemwita mjini ili amuue. Siku moja Mama kapika ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, chakula ambacho mtu wa Kigoma akikikataa ujue anaumwa, Mjomba akasukuma sahani na kumtazama Mama kama unavyomtazama nyoka. Mama akaenda kulia nyuma ya jiko. Mimi nikaichukua ile sahani, nikala tonge, nikampa, akala. Kwa nini mimi tu, sijui hata leo. Labda wale watu wake walisahau kunitaja. Tangu hapo chochote cha kuingia kinywani mwa Mjomba kilipitia mkononi mwangu.

Sasa kuhusu pombe. Pale ufukweni kulikuwa na mila yao mafundi. Boti ikiwa tayari kushushwa majini, kinaletwa chungu cha pombe ya ndizi, na wa kwanza kunywa siyo mwenye boti wala siyo fundi mkuu. Ni kalafati. Anakunywa mbele ya watu wote, kisha anapanda, anakaa chini kabisa kwenye sakafu ya boti miguu mitupu, wanaisukuma majini. Maana yake, mtu aliyeziba mianya anasema mimi nimetulia, moyo wangu uko baridi, nimekunywa na ninakaa humu. Kalafati akikataa kunywa, mwenye boti hapandi. Anaona kuna mahali panavuja na huyu anajua. Kwa hiyo Mjomba hakuwa na namna ya kusema sitaki. Na yeye mwenyewe aligundua jambo, aliniambia kabla hajamwambia mtu mzima yeyote. Akinywa, wale watu wanasogea mbali. "Kama wamehamia nyumba ya pili," alisema. "Nawasikia wanaongea lakini siyo na mimi." Kesho yake wanarudi, wamekasirika, wamekuja na wenzao. Basi anakunywa tena. Ikatoka kwenye pombe ya ndizi ikaingia kwenye gongo.

Mimi nikaona Mjomba kapata dawa. Nilimwambia Mama, Mama akanipiga kofi la mdomo, kidogo tu.

Watu wazima walihangaika naye, nisiwanyime haki yao. Baba alimpeleka kwa mwalimu mmoja Ujiji, mzee mpole, anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaosha, unakunywa. Mwalimu akanusa akasema, "Ndugu yangu, maneno haya hayaingii kwenye tumbo lenye ulevi. Aache kwanza, kisha mniletee." Mama akampeleka kwa wazee wa kanisa la Mjomba mwenyewe. Wale walishughulika na ulevi vizuri, wanamtembelea, wanamwimbia. Lakini akiwaambia habari ya sauti wanasema hizo ni pombe tu, ukiacha zitaondoka. Akaacha wiki nzima. Sauti hazikuondoka, ziliongezeka. Akawaambia. Wakamwambia basi hujaacha kwa moyo. Hospitali nako kulikuwa na vidonge vya sauti, na vilikuwa vinafaa, nilimwona kwa macho yangu akilala kama mtoto, lakini yule mpokeaji wa mlangoni akisikia harufu tu anamrudisha. "Hapa siyo kilabuni. Nenda kalevuke." Mjomba akawa anatembea mjini huku na huku kama mzigo uliokosa mwenyewe, kila mlango unamwelekeza mlango mwingine.

Na nyumbani kwetu tukawa na sheria. Vidonge nilikuwa navitunza mimi, maana alikubali kuvipokea kwangu peke yangu. Baba alinikalisha chini akaniambia taratibu kabisa, "Binti, dawa na pombe havikai tumbo moja, vitamuua. Ukimpa dawa mnuse kwanza. Akinuka pombe, usimpe." Mama akaitikia, hata jirani aliyekuwa amekuja kuomba moto akaitikia. Hakukuwa na mtu mjini Kigoma asiyejua kwamba dawa haichanganywi na pombe. Basi mimi kila jioni nasimama mbele ya Mjomba aliyechutama, nanusa mdomo wake kama mama anayenusa maziwa, nikisikia harufu nafunga mkono, siku hiyo imepita. Zilikuwa siku nyingi. Hatukuona ubaya wowote. Tulijiona watu waangalifu sana.

Hapo katikati niseme kuhusu treni, kwa sababu treni ndiyo iliyokuwa inatutisha, ingawa mimi kwanza nilikuwa naifurahia. Mjomba alivunja dirisha la jirani akitafuta mtu aliyekuwa anamtukana ndani ya ukuta. Baba akalipa dirisha, akaomba radhi, akarudi akasema mbele yetu wote, "Likitokea tena, shemeji anapanda treni aende Dodoma." Mimi nikaona hii ni zawadi. Nilizaliwa nikisikia mlio wa treni na sikuwahi kupanda hata kituo kimoja. Nikamwambia Baba na mimi naomba niende. Hakuna aliyecheka. Baba alisema tu, "Nyamaza, mwanangu."

Nilielewa siku niliyompelekea Baba chakula stesheni. Kulikuwa na mtu anasafirishwa kwenda Dodoma, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Kafungwa mikono kwa kamba ya katani, kamba imekwenda hadi kiunoni, ndugu zake wawili wamemshika, hawamtazami usoni. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Alikuwa anawaambia ndugu zake kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nifungueni nikojoe," na wao wanajifanya hawasikii mpaka akajikojolea pale pale mbele ya wauza ndizi. Nilimwuliza Baba yule atarudi lini. Alisema wengine wanarudi, wanatibiwa kule vizuri. Wengine ndugu hawaendi kuwachukua. Dodoma ni mbali, alisema, watu wanasahau. Nilirudi nyumbani na vyombo, na tangu siku ile kila nikinusa mdomo wa Mjomba nilikuwa namwona Mjomba ndani ya ile kamba.

Baba naye alikuwa hataki afike huko. Ndiyo maana akafanya alilofanya. Alimwomba Mjomba aingie kwenye chumba cha stoo, kati ya madebe ya mawese, akafunga mlango kwa nje, akasema utakaa humo mpaka pombe ikutoke, kisha nitakupeleka kwa mwalimu, kisha hospitali, tumalize moja baada ya jingine. Mjomba mwenyewe alikubali, aliingia kwa miguu yake. Nilikuwa nampitishia uji dirishani. Siku ya kwanza aliimba. Baadaye akaanza kutetemeka, jasho linamtiririka, anakung'uta nguo anasema siafu, siafu, na hapakuwa na siafu. Halafu tukasikia madebe yanaanguka. Baba akavunja mlango wake mwenyewe. Mjomba yuko chini katikati ya mawese yaliyomwagika, macho yamegeuka, mwili unamruka. Wengine wakasema kifafa, wengine shetani amekasirika. Walimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka hospitali, njia nzima anadondosha mawese, mbwa wanatufuata.

Hapo ndipo tulipompata Nesi Adela. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nene, mtu wa Bukoba, mgeni mjini, amepangwa upande wa wagonjwa wa akili. Mpokeaji wa mlangoni alianza mambo yake, huyu tunamjua, ni mlevi. Nesi Adela alimwambia, "Mlevi ndiyo. Sasa sogea tumwingize." Wakamlaza, wakampa dawa ya kumtuliza, wakamwondolea ile pombe taratibu chini ya macho yao. Nesi alimweleza Mama kwamba mtu aliyezoea kunywa kila siku hafungiwi chumbani ghafla hivyo, anaweza kufa. Baba alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Nilimwona akiketi chini kwenye sakafu ya hospitali, yeye mtu msafi vile.

Mjomba aliporudi nyumbani Nesi alikuja kutuona. Siyo kwa gari, kwa miguu, na mwavuli. Mama akampa kiti na ndizi za kuchoma. Akaanza kuuliza maswali kama mtu anayepiga soga tu, akimwita Mama kwa jina la kaka yangu.

"Mama Hamisi, vidonge anavitunza nani?"

"Huyu hapa."

"Wewe binti. Unampa kila siku?"

Nikasema ndiyo, nampa kila siku isipokuwa akinuka.

Nesi aliweka ndizi chini. "Akinuka nini?"

"Pombe. Akinuka pombe simpi."

"Na ananuka siku ngapi?"

Nikamtazama Mama. Mama akasema, "Nesi, tuseme ukweli, siku nyingi. Asiponuka tunampa, hatujawahi kukosea."

Nilidhani atatusifu. Yule mama alijifunika uso kwa viganja vyake viwili, akabaki hivyo, kisha mabega yakaanza kutikisika, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka, lakini siyo kicheko cha kutudharau. Akasema, "Kumbe mnamtibu siku ambazo ni mzima."

Mjomba alikuwa kwenye kizingiti anasokota pamba. Akasema, "Ndivyo wanavyonifanyia wote, Nesi. Nikiwa hovyo ndipo wananinyima."

Baba alikohoa. Akasema, "Dawa na pombe vikikutana si vinaua?"

"Baba Hamisi, nimemwuliza daktari kabla ya kuja, nisije nikasema ya kwangu. Vikikutana vinamlegeza mtu, kweli, atasinzia sana. Akiwa amelewa chakari hajijui, mlaze ubavu, akizinduka mpe. Lakini kunuka siyo kulewa chakari. Mkimnyima sauti zinamrudia, zikimrudia anakunywa ili zinyamaze, akinywa mnamnyima. Mnaona mnavyozunguka?" Alichora duara kwa kidole hewani. "Mgonjwa ni mmoja, ninyi mmemgawana kama samaki. Mwalimu kachukua kichwa, wazee wa kanisa wamechukua mkia, na sisi hospitali tumechukua kipande cha kati na kukitupa mlangoni. Kuanzia sasa anatibiwa mzima mzima. Aje amekunywa, aje hajanywa, aje."

Baba alisema anamshukuru, lakini ana watoto ndani ya nyumba. Akasema wazi mbele ya Mjomba mwenyewe. Yuko tayari kujaribu, ila boti kubwa inayoundwa pale ufukweni ikishushwa na Mjomba akarudi nyumbani amelewa, treni. Alikwishazungumza na watu wa stesheni. Mjomba aliinamisha kichwa, akasema, "Sawa shemeji, ni haki yako."

Yakaanza matibabu ya namna ambayo mji haukuwahi kuiona. Hospitali kulikuwa na benchi nje, chini ya dirisha la Nesi Adela, na siku ya dawa ikifika waliketi pale wenye sauti na wenye pombe kwa pamoja, wanapewa dawa zao, kisha wanabaki wanaongea, nani kiu ilimshika, ilimshika wapi, alifanya nini. Wapita njia wanasema lile ni benchi la vichaa na walevi. Mjomba alikuwa anawajibu, "Mimi nimekaa katikati, napokea salamu za pande zote." Mwalimu wa Ujiji, baada ya Baba kumweleza, alisema na yeye atamsomea hata akiwa ananuka, Mungu hana pua kama zetu. Mimi nikaacha kunusa. Hamjui jinsi nilivyopumzika. Mtoto kuacha kumnusa mtu anayempenda.

Nesi akaenda hadi ufukweni kwa Fundi Bihemo, aliyekuwa mkuu wa waunda boti, kuzungumza habari ya chungu. Nilikuwepo.

Fundi alisema, "Nesi, boti haishuki kavu."

"Sijasema ishuke kavu. Weka chungu chako. Kalafati apewe togwa."

"Togwa wanakunywa watoto."

"Sasa mwenye boti ataogopaje kinywaji cha mtoto? Sisi Bukoba tumezaliwa ndani ya ndizi, Fundi, usinifundishe pombe. Ninachotaka ni huyu mtu wako asife. Ukimpoteza huyu nani atakuzibia mianya, mimi?"

Mafundi wakacheka. Fundi Bihemo akasema watajaribu, ila atakayeamua ni mwenye boti.

Nitoke kidogo hapa. Nasikia siku hizi Dar es Salaam na kwingine wapo vijana wa unga wanaosikia sauti pia, na kuna mahali wanatibiwa yote kwa pamoja, na watu wanasema ni mambo mapya. Nafurahi sana. Lakini na hapa mtaani kwangu, Buzebazeba, kuna mama ana kijana wake wa bangi, anaongea na kuta, na bado anaambiwa aache kwanza ndipo aletwe. Nilimwambia mpeleke hivyo hivyo, wakimrudisha mpeleke tena, kaa mlangoni. Na nisiwafiche, Mjomba Gwasa hakupona kama mtu anavyopona malaria. Maisha yake yote kulikuwa na miezi mizuri na wiki mbaya. Vidonge vilimkausha mdomo na kumtetemesha vidole, tukabadilishiwa. Alioa mjane wa Katonga, mkali, mwenye upendo, wakalea watoto wawili. Boti zake hazikuvuja. Mambo haya yote yangekuwa hayapo, mjane asingempata, watoto wasingezaliwa, kama siku ya ile boti kubwa ingekwenda kama tulivyoogopa.

Siku yenyewe Baba alitoka kazini mapema. Sikujua kwa nini, nadhani alikuwa anasubiri kama sisi. Mimi nilikatazwa kwenda ufukweni. Mchana tulisikia ngoma na vigelegele vya kushusha boti, vikaisha. Wanaume wakaanza kupita barabarani wanarudi, wanacheka kwa sauti za watu waliokunywa. Mjomba hayumo. Kila akilewa sana zamani alikuwa anatukimbia, analala kwenye magugu au chini ya boti za watu, anatafutwa siku nzima. Mama alikuwa anatwanga kisamvu, anatwanga, kisamvu kilikwishalainika zamani, bado anatwanga. Kwenye msumari nyuma ya mlango palikuwa na kamba ya katani, mpya. Hakuna aliyeitaja.

Alasiri Baba alichukua birika akachutama uani kutawadha. Ndipo Mjomba alipotokea kwenye kona ya ua. Alikuwa na pamba kwenye nywele. Alikuwa anatembea sawasawa kupita kiasi, vile anavyotembea mtu anayepima kila hatua, na harufu ilifika kabla yake. Mama akaacha kutwanga.

Mjomba hakuingia ndani wala hakupita nyuma. Alikuja katikati ya ua, akaketi chini mbele ya Baba.

"Shemeji, nimekunywa."

Baba aliacha kumwaga maji. Birika liko mkononi.

"Mwenye boti alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa. Walimpa ile habari ya togwa, akasema hapandi, ana watoto. Fundi akanitazama. Nikanywa kibuyu. Halafu nikanywa na kingine, hicho hakuna aliyenilazimisha." Alijifuta mdomo. "Wale watu wamesogea mbali kidogo tu. Sasa hivi wako kwa jirani, wananisema. Nimekuja kabla hawajaingia hapa kwetu." Akanigeukia, akakunjua kiganja. "Mpwa wangu, naomba dawa yangu."

Nilikuwa nayo kwenye kibindo cha kanga. Nilimtazama Baba. Sikuweza kufanya lolote, mkono ulikataa, kwa sababu harufu ilikuwa kali na sheria ile ilikuwa bado inakaa mwilini mwangu, na tena kwa sababu niliona Baba anatazama mlango.

Baba akasema, "Umetoka ufukweni mpaka hapa peke yako?"

"Peke yangu."

"Hukupita kilabuni."

"Nimepita nyuma ya soko. Njia ya huku mbele wangeniita."

Mama alisema kwa sauti ndogo, "Baba Hamisi." Alisema hivyo tu.

Baba alimtazama Mjomba muda mrefu. Nafikiri alikuwa anamwona mtu aliyelewa akija nyumbani kwa mara ya kwanza, badala ya kutukimbia. Lakini hayo ni mawazo yangu ya uzeeni.

"Mpe," akasema.

Nikampa. Mjomba akameza bila maji. Baba akauliza, "Kala huyu?" Mama akasema bado. "Basi mpakulie, dawa ile inataka tumbo lenye kitu. Halafu alale chumbani kwa watoto, karibu na watu. Kesho nitampeleka kwa Nesi mwenyewe, nimwambie alivyokuja."

Mama aliingia jikoni haraka, nikasikia anafunua sufuria na kuvuta kamasi. Mjomba alibaki pale chini, kiganja bado kimekunjuliwa, kama aliyesahau kukifunga. Baba akainama kuendelea kutawadha, akamwaga maji kidogo, akasimamisha mkono. Alikuwa amesahau alipofikia. Akatikisa kichwa, akasema bismillahi, akaanza upya kwenye viganja.